Ndama Wanalala Chini ya Paa Langu

Jumamosi ya pili baada ya Pasaka, 1954. Mvua tangu alfajiri, na ukungu umekaa juu ya minyaa ya boma kama mgeni asiyetaka kuaga.

Mabati yanapiga kelele hata sala yangu mwenyewe siisikii. Rozari ya leo nimeisali kwa kupitisha punje tu vidoleni. Zamani, chini ya nyasi, mvua ilikuwa inanong'ona, unalala nayo. Hii ya mabati inagombeza.

Leo nimetoka ndani ya nyumba hii kwa nguvu zangu mwenyewe. Leo hiyohiyo nimemwaibisha mume wangu mbele ya wenzake wa mgodini. Ni tendo moja tu, wala sijui nitaliungama kwa jina gani.

Nianze mbali kidogo, ili siku nikiyasoma haya uzeeni nisije nikajidanganya.

Miguu yangu ilikufa mwaka nilipotumbukia kwenye shimo la watafuta dhahabu. Walikuja, wakachimba, hawakuona kitu, wakahamia kwingine bila kulifukia. Nyasi zikaota zikafunika mdomo wake. Mimi nilikuwa natoka kisimani na mtungi kichwani. Tangu siku hiyo nasota. Nakalia kipande cha ngozi ya ng'ombe nilichofunga kiunoni, mikononi nashika vibao viwili, naisukuma ardhi iende nyuma. Si mwendo wa kutazamwa, lakini nafika.

Hayo nilishayazoea. Ninayaandika kwa sababu ya kizingiti.

Misonge ya huku kwetu ina kizingiti mlangoni, gogo zima limelazwa kuzuia maji na mbuzi. Mwenye miguu anakivuka bila kukiona. Siku waliponileta nyumbani kwa machela kutoka hospitali, mume wangu, Baba Deo, alikuwa mgodini, upande wa Geita. Mama mkwe wangu alinitazama nilivyolala, kisha akakitazama kizingiti. Kesho yake nikasikia panga. Alikata, akachimba kwa jembe, akaling'oa gogo, akasawazisha udongo kwa viganja na kuumwagia maji mpaka ukashikana, ndani na nje sawasawa. Kisha akaenda kusonga ugali. Hatukuwahi kulizungumza, mimi na yeye, mpaka Mungu alipomchukua.

Lakini kwa sababu ya asubuhi ile nimeishi kama mtu. Nimekwenda kisimani kukaa na wanawake wenzangu na kusikia nani kaolewa na nani kafukuzwa. Nimekwenda gulioni. Nimekwenda kanisani. Kanisa la kigango chetu lina ngazi kwa mbele, ila mlango wa ubavuni, ule wa sakristia, chumba Padri anachovalia kanzu, uko sawa na ardhi, na Padri alisema nipite huko. Basi nikawa naingia pamoja na wahudumu wa altare, nyuma ya chetezo. Wanawake walinitania: "Mama Deo, iko siku tutasikia wewe ndiye unasoma Misa."

Tena nilikuwa nafundisha. Watoto wa Komunyo ya kwanza, kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, mimi chini, wao chini, macho yetu yanakutana. Jembe nilinyang'anywa. Hii ndiyo kazi niliyopewa badala yake, na nilikuwa naiweza.

Mwaka jana baada ya mavuno Baba Deo alichukua likizo akanijengea nyumba.

Niseme kweli, ni nyumba nzuri. Matofali ya kuchoma, mabati, madirisha ya mbao, sakafu ya saruji. Kuanzia hapa mpaka Masumbwe hutaona Mwafrika mwingine mwenye nyumba ya namna hii. Msingi wake umeinuka kama wa nyumba ya Bwana Meneja kule mgodini. Mimi nikikaa chini nje, unanipita kichwa. Mbele kuna ngazi za saruji, na mlangoni kizingiti kipya, nacho cha saruji. "Mchwa hawapandi humu," ndivyo Baba Deo anavyomwambia kila mgeni, huku anaupiga msingi teke. "Wajaribu."

Nilipouona ule msingi unapanda nilifikiri watajaza udongo mbele yake. Nikangoja. Wakaleta ngazi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Kabula, jirani yangu, akafuta machozi, akaniambia: "Wewe hujui ulichonacho. Mimi wa kwangu hata banda la kuku hajanijengea."

Ningesema nini? Ndugu zake walimshauri aoe mwingine, mwenye miguu. Akakataa, akanifyatulia matofali. Nikasema wabeja, wabeja sana, na shukrani ile ilitoka moyoni. Akanibeba akaniingiza. Jumatatu gari la mgodini likamchukua.

Nikabaki ndani.

Paa la msonge wangu halikutupwa. Vijana wa kijiji waliingia chini yake, wakaliinua zima kwa wimbo, likavuka uwanja kama mnyama mwenye miguu mingi, wakalikalisha juu ya kuta za banda jipya la ndama. Kwa hiyo kila asubuhi nikifungua dirisha ndilo naliona. Ndama wanalala chini ya paa langu.

Ngazi nilizijaribu. Kushuka ni kuanguka kwa utaratibu. Kupanda siwezi, mikono yangu haiinui mwili wote kwa kimo kile. Nilikaa chini juani mpaka jioni, Mama Kabula akanikuta, akaniinua kwa shida, mgongo ukamuuma juma zima. Hapo nikajua kwamba kutoka kwangu kunaumiza mgongo wa mtu. Nikaacha.

Siku hizi nimerudi kwenye ndoo kama mtoto mdogo, na Deo wetu yuko mbali, shule ya bweni ya misheni. Mama Kabula anaimwaga asubuhi na jioni, anaimba njia nzima ili nisione haya. Baba Deo hajauliza nani anaimwaga, na mimi sijamwambia.

Juzi Krismasi aliniletea zawadi, rangi nyekundu ya sakafu, ile wanayopaka nyumba za wazungu. Aliisugua kwa magoti mpaka saruji ikang'aa, unajiona uso. Nami hapo ndipo ninapotembelea. Sasa mikono myekundu, gauni jekundu, hata ile ngozi ya ng'ombe nyekundu. Mama Kabula aliponiona alicheka mpaka akakaa chini. Nikacheka naye. Alipoondoka nililia.

Watoto walinifuata mwanzoni. Walisimama chini ya dirisha, shingo zimewapinda, mimi juu kama askofu. Mvua zilipoanza walilowa, vikohozi vikaanza, na Mwalimu Yosefu, katekista wetu, akasema kwa upole tu kwamba afadhali wawe wanakwenda kwake. Alikuwa na haki. Nilifunga dirisha, nikabaki na sala zangu.

Na sala hizo, nakiri, hazikuwa safi. Nimemwomba Mungu alete mchwa wanaokula saruji. Nimeomba hivyo zaidi ya mara moja.

Sasa ya leo.

Baba Deo alifika jana. Leo asubuhi alikwenda njia panda kuwapokea wenzake wawili wa mgodini, waje waione nyumba. Kesho Padri anakuja na pikipiki kwa Misa, na baada ya Misa atawasikiliza watoto. Watakaofaulu watapokea Komunyo siku ya Pentekoste. Watakaoshindwa watangoja mwakani. Mama Kabula alipokuja kuchukua ndoo alikuwa anacheka tena. Alisema mtoto wake ametajiwa sakramenti zote na Mwalimu Yosefu, na alipoambiwa azirudie, akachomeka na mavuno humo ndani.

"Ubatizo, kipaimara, mavuno," akasema. "Huyu ni Msukuma kamili."

Sikuweza kucheka. Kabula ni mtoto niliyemfundisha ishara ya msalaba. Nimekaa mahali ninamwona akipita kila siku, na siwezi kumfikia.

Mama Kabula alipoondoka, nikashuka.

Sikufikiri sana. Mlango ulikuwa wazi, nikajisukuma juu ya kizingiti, nikaachia. Ngazi zilikuwa zimelowa. Nilichubuka kiwiko, kibao kimoja kikaruka matopeni, nikafika chini kwa kishindo. Mvua ikaongezeka. Nyuma yangu msingi, mbele yangu uwanja mzima umekuwa tope. Kurudi hakuna. Mlango ulikuwa mmoja tu pale nje ambao ungenipokea, wa ndama.

Nilisota mpaka pale. Na nikaingia. Hakuna cha kuinua, hakuna cha kuvuka, uwanja unaingia ndani kama maji. Sikumbuki mara ya mwisho kupita mlango bila kumwomba mtu.

Ndani kulikuwa na joto. Ndama walisogea, mmoja akanilamba mkono, labda kwa chumvi, labda kwa ile rangi. Nikatazama juu. Masizi ya moshi wangu bado yako kwenye fito, na pale juu kuna kamba niliyokuwa naning'inizia mbegu za mahindi. Nikakaa nikalia, kilio cha mtu aliyefika nyumbani akakuta wenyewe wengine.

Watoto walikuwa wanapita kwenda kwa Mwalimu Yosefu. Kabula ndiye aliyeniona, akachungulia huku maji yanamtiririka puani.

"Shikamoo Mama Deo. Umeanguka?"

"Marahaba. Sijaanguka. Ingieni, mnalowa."

Wakaingia wote, wakajibana kati ya ndama. Walikuwa wanabwabwaja, wanasukumana, mmoja anamsingizia ndama kwamba ndiye aliyejamba. Nikawaacha wacheke. Kisha nikaanza pale tulipokuwa tumeachia.

"Mungu yuko wapi?"

"Mungu yuko mahali pote," wakaitika.

Kabula akainua kidole. "Hata huku kwa ndama?"

"Huku ndiko alikoanzia," nikamwambia. "Alizaliwa kwenye banda. Hukumbuki Krismasi?"

"Nakumbuka. Nilifikiri ni kwa sababu hawakuwa na mabati."

Tukaenda hivyo. Sakramenti zikarudi mahali pake na mavuno yakabaki shambani. Naandika haya kwa furaha, ingawa najua kilichofuata. Tangu niingie nyumba hii sikuwahi kuwa na saa kama ile. Macho yao yalikuwa mbele ya macho yangu.

Ndipo nikasikia sauti ya Baba Deo uwanjani, inasimulia msingi. "Mchwa hawapandi humu, waangalieni." Kisha: "Mama Deo! Wageni!" Kisha hatua zake ndani ya nyumba tupu, na akitoka, zinakimbia.

Alinikuta nimekaa kwenye majani yenye mavi ya ndama, matope mpaka kifuani, watoto wamenizunguka wanasema Salamu Maria. Nyuma yake walisimama wenzake. Mmoja, Bwana Saidi, mtu wa Tabora, ni mcheshi kwa tabia, sidhani alikuwa na ubaya.

"Ndugu yangu," akamwambia, "umetutoa mbali kuja kuona nyumba ya shemeji, kumbe yenyewe ni hii ya nyasi? Ile ya mabati anakaa nani, ng'ombe?"

Mwenzake akacheka. Watoto nao wakacheka, kwa sababu wakubwa wamecheka. Baba Deo hakucheka. Aliniinua kimyakimya, akanipandisha ngazi, na nilihisi moyo wake unavyopiga kwenye ubavu wangu. Wageni walikunywa chai haraka, wakaaga.

Akavua kofia, akakaa.

"Mama Deo, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi mbona unaniumbua? Saidi atalisimulia hili mgodi mzima. Watasema mke wangu nimemweka zizini."

Nilikuwa nimelowa na nimechoka, na nadhani ndiyo maana niliweza kusema.

"Ulipowajengea ndama, kwa nini hukuweka kizingiti?"

Akanitazama kama ninayeweweseka. "Ndama wanavunjika miguu. Nani asiyejua?"

"Basi wao uliwakumbuka."

Akaigeuza kofia mikononi.

"Hata msonge wangu haukuwa na kizingiti," nikasema. "Uliupita mlango ule miaka yote."

"Kile kililiwa na mchwa," akasema upesi, kama mtu aliyepata pa kushika. "Nilirudi kutoka mgodini nikakuta gogo halipo, pana udongo tu. Nikasema mke wangu hawezi kunyanyuka, na nyumba inaliwa kuanzia mlangoni. Tangu siku ile nawaza saruji. Unafikiri niliinua msingi huu kwa majivuno? Niliinua ili wasikufikie."

Nilihisi baridi mgongoni, kule juu ambako bado nahisi.

"Mchwa gani, Baba Deo? Ni mama yako. Alilikata kwa panga siku iliyofuata baada ya mimi kuletwa, akasawazisha kwa mikono yake. Ili nipite."

"Mayu?" akasema. Alilisema taratibu, kama anayemwita mama yake aliye chumba cha pili.

Miaka yote hiyo yeye alikuwa anaona mahali palipoliwa, nami nilikuwa naona mlango. Na hakuna kati yetu watatu aliyefungua kinywa.

Alitoka. Nilidhani amekwenda kukamua. Nikajisogeza dirishani nivue nguo mbichi kwenye mwanga, nikamwona.

Amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa, mvua inamnyeshea. Akageuka kuangalia minyaani kama kuna anayepita. Kisha akanyoosha miguu yote miwili mbele, akailegeza, akaweka viganja nyuma yake kwenye ngazi ya pili, akajiinua. Akapanda. Akajiinua tena. Safari hii mikono ikaanza kumtetemeka, na huyu ni mtu anayepasua miamba kwa kazi. Kwenye ile inayofuata aliteleza, akarudi chini, kiatu kikamchomoka. Akakaa pale ameinamisha kichwa. Akajaribu tena, miguu ameilaza vilevile, hakudanganya. Kizingiti hakukifika.

Nilifunga dirisha polepole, asijue.

Aliingia kwa miguu yake. Suruali yake nyuma yote tope. Nikammiminia uji, akaushika bila kunywa.

"Saruji ile ni ngumu," akasema.

"Ndiyo."

"Niliichanganya mwenyewe. Nilizidisha."

"Najua."

"Mwalimu Yosefu ana nyundo kubwa. Na kichuguu cha kule kwa Mama Kabula kina udongo mzuri, ukiumwagilia unashikana." Akauweka uji chini. "Lakini kesho ni Jumapili."

"Na keshokutwa alfajiri gari linakuja."

"Linakuja."

Akatoka tena. Sasa hivi yuko nje anaangalia ndama, na mimi naandika kabla mwanga haujaisha. Mvua imepungua. Nusu ya moyo wangu inaimba, nusu nyingine bado iko kwenye sakafu hii nyekundu. Mume akiondoka na hili halijafanyika, likizo yake nyingine ni baada ya mavuno. Nimwombe Mama Kabula mgongo wake mpaka lini? Na Kabula atakapopokea Komunyo, mimi nitasikia kengele tu kutoka dirishani.

Watoto nimewafundisha mwenyewe: siku ya Bwana, kazi nzito hapana. Huwa nawauliza, na wanaitika bila kukosea. Sasa mimi ndiye ninayetaka nyundo ipigwe Jumapili, kijiji kizima kisikie, mbele ya watoto haohao. Je, nimebaki mwalimu wa nini?

Lakini Padri mwenyewe alihubiri kwamba mnyama akitumbukia shimoni siku ya Sabato, mwenyewe hangoji kesho kumtoa.

Basi nimeamua. Kesho Baba Deo atanibeba mpaka mlango wa sakristia, na kabla Padri hajavaa kanzu yake nitamwomba ruhusa ya kazi ya siku moja, kuvunja kizingiti na kujaza udongo mbele ya mlango. Akikataa nitatii, na sijui utii huo nitauweka wapi ndani yangu. Akiuliza kuna dharura gani, nitamwambia kuna mtu ametumbukia.

Akiuliza shimo liko wapi, nitamwonyesha juu, mlangoni kwangu.